Jukwaa Lisilo na Choo: Oseberg H na Visima Vyake

Kilometa zipatazo 130 kaskazini-magharibi mwa mji wa Bergen, Norwei, limesimama jukwaa la mafuta ambalo siku nyingi za mwaka halina mtu hata mmoja juu yake. Halina vyumba vya kulala, halina jiko, halina kiwanja cha helikopta, halina mashua za kuokolea watu, na choo pia halina. Jina lake ni Oseberg H. Lilianza kutoa mafuta Oktoba 2018, na Norwei lilikuwa la kwanza la aina yake. Anayelisimamia amekaa kitini umbali wa kilometa 8, katika kituo kikuu cha uwanja wa mafuta wa Oseberg, akiwa na skrini mbele yake.

Watu wengi wakisikia jukwaa la mafuta hupata picha ya mji mdogo baharini: ghorofa, winchi, moto unaowaka juu ya mnara, mamia ya watu. Jukwaa la visima ni kitu kingine kabisa. Kazi yake ni kushika vichwa vya visima juu ya maji, kuvifungua, kuvifunga, kuvipima, na kuyasukumia mbali yote yanayotoka. Halitenganishi mafuta na maji, halisindiki gesi, halina matangi ya kuhifadhia. Ukitaka kulielewa, tazama kilichoondolewa, kisha uulize: kazi ile sasa inafanywa na nani? Maana hakuna kazi iliyofutwa. Kila kitu ambacho hukioni pale kimehamia mwisho wa pili wa bomba, au ndani ya kisima chenyewe, au kwenye meli inayokuja mara chache kwa mwaka.

Tuanze na uwanja wenyewe. Oseberg iligunduliwa mwaka 1979 na uzalishaji ukaanza Desemba 1988. Bahari pale ina kina cha takribani mita 100, na mafuta yenyewe yako kati ya mita 2,300 na 2,700 chini. Katikati kuna majukwaa A, B na D yaliyounganishwa kwa madaraja, na hayo kwa pamoja ndiyo kituo kikuu. Jukwaa C liko peke yake, kilometa 14 kaskazini. Mafuta yakishatenganishwa na maji na gesi husafiri kwa bomba la kilometa 115 hadi kituo cha Sture, pwani ya Norwei. Miaka thelathini baadaye ubavu wa magharibi ulikuwa bado na mafuta ambayo visima vya katikati havikuweza kuyafikia. Kujenga jukwaa lingine kamili kwa ajili ya mapipa milioni 110 hivi, mafuta na gesi kwa pamoja, kusingelipa. Na kituo kikuu kilikuwa tayari kina vitenganishi, kompresa za kushindilia gesi, vyumba vya watu na nafasi iliyobaki wazi kadiri visima vya zamani vilivyopungua. Ndiyo maana H ikajengwa kuwa mdomo tu, tumbo likabaki palepale lilipokuwa.

Njia nyingine ingekuwa kuweka visima sakafuni mwa bahari, kama Norwei ilivyofanya kwa miaka mingi. Lakini valvu iliyo mita 110 chini ya maji haifikiwi na fundi mwenye spana. Inahitaji meli na roboti, na meli hizo hulipiwa kwa siku. Valvu iliyo juu ya maji hufunguliwa, husafishwa na hubadilishwa na watu wawili kwa zana za kawaida. Wahandisi walipokokotoa gharama za miaka yote ya kisima, pamoja na zile za kukirudia kukikarabati, miguu ya chuma ikashinda. Makadirio ya gharama ya mradi yakashuka kutoka kroni bilioni 8.2 hadi kama bilioni 6.5.

Ushindi huo una sharti la kina cha maji. H haina mnara wa kuchorongea, nayo hiyo ni kazi iliyohamishwa. Visima vilichorongwa na Askepott, mtambo wenye miguu mirefu inayoteremshwa hadi sakafuni mwa bahari kisha kiwiliwili chake kikajiinua juu ya mawimbi. Mtambo huo unasimama kando ya jukwaa, unasukuma mnara wake mbele mpaka uko juu ya tundu la kisima, unachoronga, unarudisha mnara, unahamia tundu la pili. Askepott umeundwa kwa maji yasiyozidi mita 150. Kwenye kina kikubwa zaidi ya hapo hesabu yote hii inabadilika, na visima vya sakafuni vinarudi kuwa nafuu. H ina matundu 10, na mpango ulikuwa wa visima 11: 9 vipya vya jukwaani na 2 vya zamani vilivyoko sakafuni.

Sasa tukishike kisima kimoja na kukipanda kutoka chini.

Mafuta huingia kwenye tyubingi, bomba refu la ndani linaloweza kubadilishwa. Tyubingi imezungukwa na keisingi, mabomba makubwa zaidi yaliyosimikwa kwa saruji ardhini. Katikati ya hayo mawili kuna uwazi mwembamba ambao mafundi wote huuita uwazi A. Nje yake kuna B, na pengine C. Presha ya uwazi A ni kama mapigo ya moyo ya kisima. Ikipanda bila sababu inayojulikana, ama joto limepanua kimiminika kilichofungiwa mle, ama tyubingi imetoboka. Namna ya kutofautisha ni rahisi: punguza presha ile taratibu, funga, ukae uitazame. Ikitulia chini, ilikuwa joto. Ikirudi palepale ilipokuwa, tyubingi inavuja, na kisima hicho sasa kina ukuta mmoja badala ya miwili.

Juu kidogo, angalau mita 50 chini ya sakafu ya bahari kwa kanuni za Norwei, kuna valvu ya usalama ndani ya tyubingi yenyewe. Ni kifuniko kidogo chenye springi, kinachotaka muda wote kujifunga. Kinachokizuia ni presha ya haidroliki inayoshuka kwa kibomba chembamba cha robo inchi kilichofungwa ubavuni mwa tyubingi. Ukikata kibomba hicho, au pampu ikafa, au meli ikaligonga jukwaa na kukwangua kila kitu kilicho juu ya maji, presha inatoka, springi inashinda, kifuniko kinafunga. Hakihitaji umeme, hakihitaji amri, hakihitaji mtu. Kwenye jukwaa lisilo na watu, hicho ndicho kifaa ninachokihesabu kuwa cha kwanza kwa umuhimu, na kiko mahali ambapo hakuna atakayekiona kwa miaka.

Juu ya kichwa cha kisima unasimama mti wa Krismasi. Wachimbaji waliupa jina hilo kwa sababu ya valvu zinazotokeza pande zote kama mapambo. Kwenye shina kuna valvu kuu mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini huachwa wazi na kutunzwa kama akiba, ya juu ndiyo inayofanya kazi ya usalama. Kileleni kuna valvu inayofunguliwa pale tu unapotaka kuteremsha vifaa kisimani kwa waya. Ubavuni kuna valvu ya bawa, ambako mafuta hutokea, na baada yake choki, tundu la kudhibiti mkondo.

Mpangilio wa kufunga una maana yake. Bawa hutangulia, kisha valvu kuu, na ile ya chini ya ardhi mwisho. Sababu ni kwamba valvu inayofunga dhidi ya mkondo unaokimbia huliwa na mchanga na kubamizwa kwenye kiti chake. Bawa ni rahisi kubadilisha. Kifuniko kilichoko mamia ya mita chini kinaweza kukulazimisha kuleta mtambo mzima. Hivyo inayoumia kwanza iwe ile iliyo karibu na mkono. Kanuni za Marekani kwa majukwaa ya Ghuba ya Meksiko zinadai valvu ya usalama ya juu ifunge ndani ya sekunde 45 tangu hitilafu igunduliwe.

Kufungua ni kinyume, na hapa ndipo makosa hutokea. Ukitaka kufungua kifuniko cha chini, kwanza sawazisha presha ya juu na ya chini yake. Ukikilazimisha kwa haidroliki huku chini kuna bar 150 (bar moja ni kama presha ya hewa ya kawaida) na juu hakuna kitu, unaweza kupinda bawaba yake. Mara nyingi presha ya kusawazishia huchukuliwa kutoka kisima jirani, au hupampiwa methanoli kutoka juu. Presha zikilingana, fungua kifuniko, kisha valvu kuu, kisha bawa, na choki ikiwa imefungwa bado. Choki ndiyo ya mwisho, na hufunguliwa kidogokidogo, hatua kwa hatua, huku ukingoja presha itulie kabla ya hatua inayofuata. Kisima kinachofunguliwa kwa pupa huvuta mchanga kutoka mwambani, na mchanga ukishaanza kumomonyoka si rahisi kuusimamisha.

Choki yenyewe ni tundu linalopanuka na kufinyika, lenye vipande vya kabidi ya tangsteni kwa sababu chuma cha kawaida kisingemaliza muda. Presha ya kisima huishia pale. Upande mmoja inaweza kuwa bar 120, wa pili bar 40, na tofauti yote imegeuka kuwa mwendo mkali, kelele na baridi ya gesi inayotanuka. Baada tu ya kona ya kwanza, vihisi vya sauti hufungwa kwa nje ya bomba kusikiliza punje za mchanga zikigonga ukuta. Mmomonyoko huongezeka haraka kuliko mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, chuma huliwa zaidi ya mara nne. Opereta anayeona kihisi kinaanza kupiga kelele hufinya choki kwanza, maswali baadaye.

Kutoka choki, visima vyote hukutana kwenye bomba la mkusanyiko. Kando yake kuna bomba la pili, la kipimo. Kisima kimoja kwa zamu huhamishiwa huko ili kijulikane kinatoa mafuta kiasi gani, maji kiasi gani, gesi kiasi gani. Zamani kila jukwaa lilikuwa na kitenganishi kidogo cha kupimia. Siku hizi mahali pengi huwekwa mita moja inayosoma vyote vitatu vikiwa vimechanganyika, kwa miale ya gama na mabadiliko ya umeme ndani ya mkondo. Mita hizo hazina sehemu inayozunguka, na kwa jukwaa lisilo na fundi hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea ujue sifa za maji ya kisima. Maji ya bahari yaliyoshindiliwa mwambani ili kuyasukuma mafuta yakifika kisimani, chumvi hubadilika, na mita ikaanza kudanganya bila kuonyesha hitilafu yoyote. Dalili ni kwamba jumla ya visima vyote haiwiani tena na kinachopokelewa kituoni. Dawa ni kwenda kuchukua sampuli kwa chupa, na hiyo ni sababu moja ya meli kuja.

Baada ya hapo kuna bomba la kilometa 8, na kwa maoni yangu hapo ndipo pana ugumu wa kazi nzima.

Maji ya chini ya Bahari ya Kaskazini yana nyuzi 7 hivi. Mkondo unatoka kisimani ukiwa wa moto. Ukiwa unatembea, unafika kituoni bado una joto. Ukisimama, unaanza kupoa, na maadui watatu wanaamka kwa zamu. Nta ndiyo ya kwanza: kwa mafuta mengi ya Bahari ya Kaskazini huanza kujitokeza joto likishuka kati ya nyuzi 40 na 30, ikajipaka ukutani mwa bomba kama samli inayoganda sufuriani. Wa pili ni haidreti, maji na gesi vikishikana kuwa kitu kinachofanana na barafu. Usitarajie haidreti kungoja nyuzi sifuri. Kwa presha ya bar 100 inaweza kuganda hata karibu na nyuzi 20. Bonge likiziba bomba, usithubutu kulisukuma kutoka upande mmoja tu wala kulipasha moto katikati, kwa sababu likiachia ghafla husafiri kama risasi na kuvunja kona ya bomba. Hulegezwa kwa kushusha presha pande zote mbili, taratibu, kwa siku au wiki. Wa tatu ni ukoko. Maji ya mwambani huwa na bariamu, maji ya bahari yana salfeti, na yakikutana hutengeneza bariamu salfeti, ukoko mgumu usioyeyuka hata kwa asidi ya kawaida. Huu, tofauti na wawili wa kwanza, hauhitaji baridi. Huota hata ndani ya tyubingi na kwenye valvu ya usalama, ambayo ikishapata ukoko kwenye bawaba haifungi sawasawa.

Kwa hiyo uzalishaji ukisimama ghafla, saa inaanza kuhesabu. Opereta anajua ana saa kadhaa kabla bomba halijafika joto la hatari. Kama tatizo litatatuliwa ndani ya muda huo, hana la kufanya zaidi. Kama sivyo, lazima achague: kupampu kizuizi kama methanoli au glaikoli, au kushusha presha ya bomba zima hadi chini ya kiwango ambacho haidreti inaweza kuundwa kwenye nyuzi 7. Jukwaa la aina hii kwa kawaida halina mwenge wa kuchomea gesi, hivyo presha hushushiwa upande wa kituo kikuu, ambako mwenge upo. Tazama tena: kazi haikufutwa, imehamia kilometa 8.

Adui mwingine hahitaji bomba lisimame. Mchanganyiko wa mafuta, maji na gesi hausafiri kwa utulivu. Vimiminika hutuama kwenye mabonde ya bomba, na hasa chini ya raiza, lile bomba la wima linalopanda kutoka sakafuni hadi kituoni. Gesi inajikusanya nyuma, presha inapanda, kisha ghafla inasukuma shehena yote kwa mkupuo. Kitenganishi kinapokea tani za maji kwa dakika moja, kinafurika, kinajizima, na mara umepoteza uzalishaji wa jukwaa zima. Hutokea zaidi visima vikishazeeka na mkondo ukipungua, yaani bomba linapokuwa kubwa mno kwa kilichomo. Njia za kawaida ni kufinya choki ya kupokelea kituoni ili presha ya nyuma itulize mkondo, au kuongeza gesi chini ya visima ili vimiminika visipate nafasi ya kutuama.

Gesi hiyo inastahili hesabu kidogo, maana ndiyo inayoviweka hai visima vingi. Chukua kisima cha kina cha mita 2,500, presha ya chini ikiwa bar 240. Hii ni hesabu ya mfano. Safu ya mafuta yenye uzito wa mara 0.80 ya ule wa maji inalemea chini kwa bar 196, inabaki bar 44 za kusukumia. Miaka inapita, maji yanaingia, mchanganyiko unakuwa 0.95, uzito wake ni bar 233, zimebaki 7. Kama bomba linahitaji bar 30 ili mkondo ufike kituoni, kisima hicho kimekufa, ingawa mafuta bado yamejaa chini. Sasa shindilia gesi kwenye uwazi A, iingie kwenye tyubingi kupitia valvu ndogo chini kabisa, ichanganyike na mafuta na kuyafanya povu lenye uzito wa 0.50. Safu inalemea bar 123, na kisima kimefufuka kikiwa na bar 117, ukiondoa msuguano. Ndiyo maana gesi ya kushindilia hutoka kituo kikuu kuja H: mafuta yanakwenda, gesi inarudi. Kompresa iko kituoni. Ikizima, visima vinavyoitegemea vinakufa kimoja kimoja bila kitu chochote kuharibika jukwaani, na opereta mgeni anaweza kupoteza saa nzima akitafuta kosa la H lisilokuwepo. Gesi ikizidi nayo ni hasara, kwa kuwa hujaza tyubingi na kuyanyima mafuta nafasi ya kupita.

Pamoja na bomba huja kebo ya umeme na nyuzi za mawasiliano. Juu ya jukwaa mahitaji ni machache: pampu za haidroliki, kompyuta za udhibiti, vihisi vya gesi na moto, kamera, taa, pampu ndogo za kemikali. Betri hushika vya muhimu umeme ukikatika. Mawasiliano yakipotea, visima havifungwi palepale. Mitambo mingi hupewa muda uliopangwa wa kungoja, na ukipita bila kusikia kituo, jukwaa linajifunga lenyewe. Kuamua urefu wa muda huo si jambo dogo. Ukiufanya mfupi mno, kila hitilafu ya waya inakuletea bomba linalopoa. Ukiufanya mrefu, umeacha visima vikienda bila anayevitazama.

Na kuna valvu moja ambayo nisingekubali kupanda jukwaa lolote linalopokea au kutoa bomba kama haijajaribiwa: ile ya dharura kwenye raiza. Tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la Piper Alpha upande wa Uingereza liliposhika moto, majukwaa jirani ya Claymore na Tartan yaliendelea kusukuma mafuta kwenye mabomba yaliyounganishwa nalo, na mabomba ya gesi yalipopasuka moto haukuweza kuzimwa. Watu 167 walikufa. Uwanja wa mafuta wenye majukwaa mengi ni mwili mmoja, na jeraha la kiungo kimoja hulishwa na vingine hadi mtu avifunge. Tangu hapo, valvu ya dharura ya raiza hukaa mahali inapolindwa dhidi ya moto na mlipuko, na kusimama kwa kituo kikuu kunatakiwa kuwafikia watoto wake bila kungoja mtu apige simu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano wa mpangilio huu hauko mbali. Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika 2004. Baadhi ya visima viko kisiwani, lakini SS-5, SS-7 na SS-9 viko baharini, vichwa vyake vikiwa juu ya majukwaa madogo, na gesi inapelekwa kwenye mtambo wa kuchakata ulioko kisiwani. Tumbo kule ni kisiwa, bomba ni fupi, bahari ni ya joto, na gesi haina nta. Lakini kutu iko. Tyubingi za visima vya baharini ziliharibiwa na kutu, na mwaka 2015 ukaletwa mtambo wa kukarabati ambao ulifanya kazi kwenye SS-5 na SS-9. Gesi yenye kaboni dioksidi ikikutana na maji hutengeneza asidi dhaifu, nayo hula chuma cha kawaida kidogokidogo kwa miaka. Mara nyingi tiba ni tyubingi mpya ya chuma chenye kromiamu. Gharama kubwa ni kukileta chombo cha kukisimamia kisima kilicho majini, zaidi ya bei ya bomba lenyewe, na kwa hilo Kilwa na Bergen hazitofautiani.

Inabaki siku ya kutembelewa. H ilipangwa kufikiwa mara moja au mbili tu kwa mwaka kwa matengenezo. Meli inasogea, daraja lake lenye mota za kufidia mawimbi linanyoshwa na kushika ukingo wa jukwaa, mafundi wanavuka wakitembea. Chakula, kitanda, choo na njia ya kukimbilia vyote vimebaki melini, ndiyo maana meli haiondoki wakati watu wako juu. Mawimbi yakikaribia mita 3 hivi, kutegemea meli, kazi inasitishwa na watu wanarudi. Hivyo orodha ya kazi hupangwa kwa umuhimu, ya lazima kwanza, si kwa urahisi.

Kazi kubwa ya siku hiyo ni kujaribu valvu. Unafunga valvu kuu, unaondoa presha upande wa juu, unahesabu presha inavyorudi kwa dakika. Kisha kifuniko cha chini: kwa kiwango cha API, taasisi ya mafuta ya Marekani, uvujaji unaokubalika hauzidi futi 15 za ujazo za gesi kwa dakika, au sentimeta 400 za ujazo za kimiminika. Ikivuja, jaribu kwanza kuifungua na kuifunga mara kadhaa, maana mara nyingi ni punje ya mchanga au ukoko tu kwenye kiti. Unatia grisi kwenye valvu za mti. Unakagua mafuta ya haidroliki, na ukiona tangi limeshuka tangu safari iliyopita, hulijazi na kuondoka. Unatafuta lilikopita, kwa sababu tone moja kwa dakika likiachwa miezi sita litaishusha presha hadi visima vijifunge vyenyewe usiku wa dhoruba, wakati hakuna meli itakayoweza kukaribia. Unajaza kemikali, unasafisha vioo vya vihisi vya gesi ambavyo chumvi na kinyesi cha ndege vimevifanya vipofu.

Wakati wa kazi, vihisi kadhaa huwa vimezuiwa kwa makusudi ili visizime jukwaa, na swichi ya udhibiti imegeuzwa kutoka kituoni kuja mkononi mwa fundi. Kabla ya kuvuka daraja kurudi, msimamizi husoma kwa redio, kimoja kimoja, kila kizuizi kilichoondolewa, na opereta wa kituo kikuu anathibitisha kwenye skrini yake. Swichi ikisahaulika upande wa fundi, opereta anaviona visima vyote lakini hawezi kukigusa hata kimoja, na meli hiyo imekwishaondoka. Kwa hiyo daraja haliinuliwi mpaka opereta amesogeza choki ya kisima kimoja kidogo tu, kwa asilimia moja, na fundi aliyesimama kando yake akaiona kwa macho yake ikisogea.